Mchoro wa Mama Sheryl

Joram Odongo alikuwa mchoraji wa ramani za majengo katika chuo kimoja cha ufundi kilicho chini ya vilima vya Kajulu, nje kidogo ya Kisumu. Kila jengo lililoongezwa pale tangu aajiriwe lilipitia mezani pake: bweni la wasichana, jiko jipya, hata choo cha walinzi getini. Hakuwa msanifu mwenye jina, na mihuri mikubwa ilipigwa na watu wengine, lakini mtu akitaka kujua bomba la maji limepita wapi chini ya ardhi aliambiwa, "Muulize Odongo." Alipenda kuulizwa. Alikuwa mrefu, mkimya, na alitembea na penseli sikioni hata siku ambazo kazi yote aliifanya kwa kompyuta.

Kati ya maktaba na karakana za uhandisi palikuwa na kipande cha ardhi kilichoachwa hivihivi. Vumbi wakati wa kiangazi, tope jeusi mvua zikianza, na katikati mwamba mkubwa wa kijivu wenye mgongo kama wa kiboko. Wanafunzi walikaa kwenye ngazi za maktaba au kwenye kingo za mtaro, vitabu mapajani, wakihamahama kufuata kivuli. Miaka ya nyuma Joram alikuwa amekichorea kipande hicho ua wa kupumzikia. Mwamba uvunjwe kwa baruti, pajengwe chemchemi ya maji, mabenchi yapangwe kwa mistari, na mbele yake mlingoti wa bendera. Aliupeleka mchoro kwa mkuu wa chuo, Madam Kageha, akaambiwa pesa hakuna. Akaukunja akaurudisha ofisini. Lakini moyoni kile kipande kilibaki chake.

Mkewe aliitwa Lornah Apiyo, mzaliwa wa Asembo Bay. Walikutana wakiwa darasa moja, wote wakisomea kuchora ramani, na mwalimu wao alikuwa na mazoea ya kubandika ukutani kazi ya aliyefanya vizuri kuliko wenzake. Mara nyingi iliyobandikwa ilikuwa ya Lornah. Wakati ule Joram hakuumia. Kijana anayependa huzihesabu sifa za msichana kuwa zake pia. Wakaoana, akazaliwa Sheryl, kisha Frankline, na Lornah akaacha kazi ili alee watoto. Kwa muda mrefu nyumba yao ya Mamboleo ilikuwa na mchoraji mmoja tu, na hakuna aliyeona ajabu.

Frankline alipoingia shule ya bweni, Lornah alisema anataka kurudi kazini. Joram alimwambia ni wazo zuri, na alimaanisha. Alidhani mkewe atapata kazi ndogo tu, labda ya kupokea simu mahali. Badala yake aliajiriwa na Seif, msanifu aliyekulia Kaloleni na mwenye ofisi yake mjini, karibu na soko la Jubilee. Baada ya muda mfupi Lornah akawa hapokei simu za mtu mwingine. Zilizolia zilikuwa zake. Akanunua miwani. Akaanza kusema "sisi ofisini." Sisi ofisini tunaona hivi, sisi ofisini tumekataa. Joram alikuwa akimsikiliza huku akikata ugali, na kila "sisi" aliihesabu.

Jioni moja Lornah aliingia akiwa bado hajavua viatu.

"Baba Sheryl, huwezi kujua tumepewa kazi gani."

"Gani?"

"Ule uwanja wenu. Pale katikati ya maktaba na karakana. Chuo kimepata mfadhili, na Seif amesema nichore mimi."

Joram alikuwa akitazama habari. Alichukua rimoti, akaongeza sauti kidogo, akasema, "Vizuri."

Lornah alisubiri. Alipoona hakuna neno jingine alikwenda jikoni, na tangu siku hiyo hakuitaja tena kazi ile nyumbani. Ule mchoro wa zamani wa Joram yeye aliwahi kuuona, lakini alifikiri mumewe alikwisha kuusahau, kwa sababu hakuwa ameuzungumzia kwa miaka.

Siku ya kuonyesha mchoro, wakuu wa idara walikaa katika ukumbi mdogo wa mikutano. Joram alikaa nyuma. Lornah alisimama mbele amevaa gauni la kijani, akaonyesha picha ukutani. Mwamba ulikuwapo. Hakuuvunja. Ule mwamba aliotaka kuulipua yeye, mkewe alikuwa ameuacha ulivyo na kuuzungushia viti vya zege vilivyopinda kama watu wanaoota moto. Miti ya siala, ile ya kienyeji yenye maua ya njano, ilipangwa upande wa magharibi ili jua la alasiri, lile kali, lisifike kwenye viti. Maji ya mvua yalipewa njia yake yenye kokoto. Karibu na ukuta wa maktaba kulikuwa na soketi za kuchajia simu, na mbali na watu, pembeni, viti vidogo vya kukalia mtu mmoja mmoja.

Ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililomchoma. Kama ungekuwa mbaya angempenda mkewe siku ile kuliko siku zote.

Madam Kageha alipiga makofi wa kwanza, kisha akageuka. "Bwana Odongo! Kumbe nyumbani kwako kuna mbunifu na umetuficha?"

Watu wakacheka, kicheko kizuri kisicho na ubaya. Joram alicheka pamoja nao mpaka taya zikamuuma.

Kazi ya kusimamia ujenzi kwa niaba ya chuo ilikuwa yake, hakukuwa na mwingine. Michoro ya mkewe ikaja mezani pake, kila karatasi ina herufi za jina lake pembeni, L.A.O., na ile O ya mwisho ilikuwa ya Odongo. Alifunga mlango akaipekua mchana kutwa akitafuta kosa. Alipima miteremko, akakagua vipimo vya nguzo, akajumlisha alichojumlisha Lornah. Alichopata ni neno moja lililokosewa herufi. Akalizungushia wino mwekundu kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka kidogo, halafu akajionea aibu, akachapisha nakala nyingine.

Mkandarasi akaingia, mafundi wakaanza kuchimba. Lornah alikuwa akija na Seif kukagua, wote wawili na kofia ngumu za njano, wakiinama juu ya karatasi moja. Joram aliwatazama kutoka dirishani. Hakuwa na shaka yoyote juu yao. Alimjua mkewe, na Seif alikuwa mtu wa heshima zake. Kilichomuuma ni namna Seif alivyokuwa akimuuliza Lornah, kisha ananyamaza na kungoja jibu.

Rafiki yake pale chuoni alikuwa Waswa, fundi wa umeme, mtu mcheshi asiyeweza kukaa na neno mdomoni. Walizoea kula pamoja mchana. Siku moja Waswa aliona sahani ya Joram haijaguswa, samaki ametazama juu tu.

"Omera, ndugu yangu, unakonda. Una nini?"

"Sina kitu."

"Usinidanganye. Tangu huu ujenzi uanze umekuwa mtu mwingine. Ni mambo ya nyumbani?"

Joram alisukuma sahani mbele kidogo.

Waswa akasogeza kiti, akashusha sauti. "Kuna mwanaume?"

Hapo ndipo Joram alipopotea. Alikuwa na aibu mbili mbele yake. Moja wanaume wanaijua. Ukiwa nayo watakununulia soda, watamlaani mwanamke pamoja nawe, watakupa pole. Nyingine hakuwahi kumsikia mtu akiisema: mume mzima anamwonea mkewe kijicho kwa sababu anachora vizuri kuliko yeye. Angeanza na neno gani?

"Ni yule Seif?" Waswa akauliza.

"Mimi sijasema kitu," Joram akasema, akatazama pembeni.

"Basi usiseme. Nimeelewa." Waswa akampiga begani kwa huruma. "Pole sana, jaduong', mzee wangu."

Na ile pole, Mungu amsamehe, ilimpoza. Alichukua samaki akaanza kula.

Waswa hakukusudia ubaya. Alimwambia mtu mmoja tu, kwa masikitiko. Lakini neno kama hilo halikai mahali. Punde mafundi waliokoroga zege walikuwa wakikonyezana kila gari la Seif lilipoingia getini. Makarani wa kike waliacha kuzungumza Lornah alipopita. Joram aliyaona hayo yote. Kila asubuhi alijiambia leo atamwita Waswa amwambie amekosea, na kila asubuhi aliona afadhali angoje, labda yatapoa yenyewe. Tena kulikuwa na jambo alilolificha hata kwa nafsi yake: watu walikuwa hawausifu tena mchoro. Walikuwa na jingine la kusema juu ya aliyeuchora.

Maneno yalivuka geti, yakafika Kaloleni. Seif alikuwa na mke, Salme, mwenye duka la vitambaa, na mteja mmoja alimletea habari pamoja na pesa ya leso. Salme hakupiga kelele. Alimuuliza mumewe, mumewe akaapa, naye akamwamini, lakini akamwambia waziwazi kwamba yeye hawezi kukaa dukani watu wakimtazama hivyo. Kesho yake Seif alimwita Lornah ofisini, akakosa pa kuweka macho, akamwambia kwamba ua wa chuo sasa utashikwa na Aqil, kijana aliyekuwa amemaliza masomo juzi.

Lornah alirudi nyumbani mapema. Joram alimkuta amekaa sebuleni, mkoba bado mapajani.

"Nimeondolewa kwenye kazi," akasema.

"Kwa nini?"

"Watu wanasema mimi na Seif tuna uhusiano. Wanasema chuoni kwenu. Ulikuwa umesikia?"

Joram alikaa. "Nilisikia kidogo."

"Ulisikia, na hukuniambia?"

"Nilidhani yataisha."

"Nimefuatilia, Baba Sheryl. Nimeuliza mtu kwa mtu mpaka nikafika kwa Waswa. Waswa nimempigia simu. Unajua amesema nini? Amesema, 'Shemeji, muulize mumeo.' Nami nakuuliza. Ulimwambia nini Waswa?"

"Sikumwambia kitu."

"Hukumwambia kitu vipi?"

"Aliniuliza kama kuna mwanaume. Sikusema yupo." Akaweka funguo mezani. "Sikusema hayupo."

Lornah alivua miwani. "Unafikiri ninaye?"

"Hapana. Sijawahi kufikiri hivyo."

"Basi kwa nini?"

Alijaribu kutafuta njia ya kuzunguka, hakuiona. "Nilikuwa na wivu."

"Wivu wa nini, kama hufikiri kuna mtu?"

"Wako wewe. Ule mchoro. Ule mwamba, Lornah. Nimeupita miaka yote hiyo nikiwaza jinsi ya kuuvunja. Wewe ukaja ukauona mara moja. Wakapiga makofi, nami nimekaa pale nyuma. Waswa aliponiuliza niliona… niliona heri adhani hivyo kuliko ajue hivi."

Lornah aliachia kicheko kifupi, kikavu, kisha kicheko kikageuka kilio na akafunika uso kwa mikono yote miwili. Joram aliinuka amguse, akamzuia kwa kiganja.

"Ungeniambia kwamba unanionea wivu," alisema baadaye, "ningekasirika, tungegombana, yangekwisha. Hili ulilofanya silijui hata nilishike wapi. Uliona afadhali mkeo aitwe malaya kuliko wewe ujulikane roho inakuuma."

Asubuhi alifungasha nguo akaenda kwa mama yake Asembo Bay. Hakusema atarudi lini.

Nyumba ilimlemea Joram. Jumapili hakwenda kanisani. Alivaa shati safi akaenda Kaloleni, akaulizia nyumba ya Seif mpaka akaipata. Seif mwenyewe alifungua mlango, na alipoona ni nani uso ulimbadilika, kwani alidhani amekuja kwa ugomvi. Salme akatokea nyuma ya mumewe, akajifunika mtandio vizuri.

"Nimekuja kusema ukweli," Joram akasema, bado amesimama mlangoni. "Yale maneno ni ya uongo, na yametoka kwangu."

Wakamkaribisha ndani. Alieleza yote, na palipokuwa pagumu hakupapita haraka. Kumwambia mwanaume mwenzake, tena yule ambaye mkewe anamfanyia kazi, "Nilimwonea mke wangu kijicho," kulimtoa jasho kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya. Seif alitazama zulia muda wote. Aliyejibu ni Salme.

"Mzee, nikuulize. Uliona haya kusema kwamba mkeo amekushinda kuchora?"

"Ndiyo."

"Lakini hukuona haya kumvunjia jina? Na langu mimi ndani yake? Mimi nimekaa dukani wateja wananihurumia. Unajua kuhurumiwa kunavyouma?"

Joram akakumbuka ile pole ya Waswa na jinsi alivyoifurahia.

"Kutusimulia sisi hapa ni rahisi," Salme akaendelea. "Sisi tulikuwa tunajua ni uongo. Nenda ukaseme kule kuliko na wasiojua."

Seif akainua uso hatimaye. "Akisema kule, mimi namrudishia Lornah kazi yake. Aqil mwenyewe amechanganyikiwa, haelewi ile michoro."

Jumatatu, wakati wa chai ya saa nne, mafundi walikuwa wamekaa juu ya marundo ya matofali ya kabro na vikombe mkononi, na makarani kadhaa walikuwa wametoka kupunga upepo. Waswa alikuwapo, akivuta nyaya za taa. Joram alisimama karibu na mwamba. Hakuwahi kuhutubia watu maishani mwake, na sauti ilimtoka kubwa kupita alivyotaka.

"Kuna maneno yamezunguka hapa juu ya mke wangu na Bwana Seif. Si ya kweli. Waswa hakuyatunga. Mimi ndiye niliyemwacha aamini hivyo. Mke wangu amechora hiki mnachojenga, na mimi nilikitaka kiwe changu, na roho ikaniuma. Hakuna zaidi ya hapo. Mkitaka kucheka, nichekeni mimi."

Hakuna aliyecheka. Fundi mmoja mzee alitikisa kichwa akamwaga masalio ya chai chini. Mwanamke mmoja wa ofisi ya uhasibu alisema kwa sauti, "Wanaume!" na kuondoka. Waswa alishuka kwenye ngazi yake, akamtazama Joram kana kwamba hamfahamu, akapanda tena. Ilichukua muda mrefu kabla hawajala pamoja, na hawakurudi kuwa kama zamani.

Habari ilimfikia Madam Kageha kabla ya chakula cha mchana. Alimwita Joram, hakumpa kiti. "Mimi siingilii ndoa za watu," alisema. "Lakini aliyechora ua huu ndiye atakayeumaliza. Na wewe utamsimamia vizuri, au nitatafuta mtu mwingine wa kukaa kwenye ile meza yako."

Lornah alirudi mwisho wa juma lile. Salme ndiye aliyempigia simu Asembo kumwambia yaliyosemwa pale mwambani. Alirudi kazini kwanza, nyumbani baadaye. Nyumbani alihamia chumba cha Sheryl. Kwenye ujenzi alimwita mumewe "Bwana Odongo," na yeye alimwita "Madam," na mafundi wakajifunza kutotazamana.

Walikuwa hivyo mpaka walipofika kwenye vile viti vya pembeni. Foremani, msimamizi wa mafundi, hakuelewa kwa nini viti vya mtu mmoja mmoja, tena vimegeuzia watu mgongo. Alitaka kuviunganisha viwe benchi moja refu, ingekuwa rahisi kumimina zege. Alimuuliza Joram, naye badala ya kuamua mwenyewe alimfuata Lornah.

"Madam, hivi viti. Vina kazi gani?"

"Ni vya mtu asiyetaka kuonekana."

"Mwanafunzi gani hataki kuonekana?"

Lornah alikuwa akifuta vumbi kwenye miwani. "Mimi. Muhula wa kwanza, pesa ya chakula ilikuwa haitoshi. Wenzangu wakienda kula nilikuwa sina pa kukaa bila mtu kuniuliza mbona sili. Nilikuwa nakaa chooni mpaka saa nane."

Joram alisimama na penseli mkononi. Alikuwa darasani pamoja naye muhula ule. Alikuwa akimpenda tayari muhula ule.

"Hukuniambia."

"Wewe ulikuwa unakwenda kula."

Alirudi kwa foremani akamwambia viti vibaki kama vilivyochorwa, kimoja kimoja, na kwamba atasimama pale mwenyewe vikimiminwa. Alisimama juani mpaka cha mwisho kikakamilika. Hakufanya hivyo ili aonekane, na Lornah alikuwa amekwisha kuondoka.

Ua ulifunguliwa muhula mpya ulipoanza. Utepe ulikatwa, hotuba zikasomwa, jina la Lornah likatajwa na wanafunzi wakapiga vigelegele bila hata kumjua ni nani. Mwamba ulipandwa siku hiyohiyo. Vijana walijaa juu yake na simu zao, wasichana wakatandika leso kwenye viti vilivyopinda, na mtu mmoja akaanza kuuza njugu kabla ya walinzi kumfukuza. Sheryl, aliyekuwa amekuja kutoka chuo kikuu, alipiga picha wazazi wake mbele ya miche ya siala. Katika picha ile wamesimama karibu, lakini mikono ya kila mmoja iko kwake.

Lornah alirudi chumbani kwao mvua za vuli zilipoanza. Hakutoa maelezo, na Joram hakuuliza. Kuna jioni alikuwa akimtania, kuna nyingine alikuwa akinyamaza ghafla katikati ya mazungumzo na Joram akajua amekumbuka. Walijifunza kuupisha ule ukimya upite.

Wivu haukumtoka. Alikuwa anatarajia utakwisha, kwamba mtu akishaungama anasafika, lakini kila alipopita pale kwenda ofisini na kuona wanafunzi wamejiegemeza kwenye mwamba kana kwamba umewekwa kwa ajili yao, kitu kilimkwaruza ndani. Tofauti ni kwamba sasa alikijua kwa jina.

Mwaka uliofuata Seif alipata kazi ya ua mwingine, chuo kimoja upande wa Bondo, na Lornah akawa anakwenda kule mara kwa mara. Alasiri moja alimtumia Joram mchoro kwa simu, wa kwanza kabisa, hata Seif hajauona. Chini aliandika: "Niambie ukweli."

Joram aliuangalia akiwa mezani pake. Aliukuza kwa vidole, akaupeleka huku na huku. Safari hii kosa lilikuwapo, dogo, kwenye mteremko wa mtaro, akaligundua upesi na moyo ukamruka kwa furaha ambayo hakuipenda. Akamwandikia: "Mtaro wako wa kushoto utarudisha maji mlangoni, inua kidogo. Kwingine kote kazi ni nzuri sana. Imeniuma."

Alisubiri. Nje wanafunzi walikuwa wakipiga kelele kwa sababu fulani. Simu ikatetemeka.

"Nimeona mtaro, asante. Pole kwa kuumia. Niko njiani, Kombewa, huku kunanyesha vibaya, anua nguo."

Alichungulia dirishani. Upande wa ziwa palikuwa pamefunga, peusi. Akafunga kompyuta, akachukua funguo, akakimbilia Mamboleo kuwahi kamba ya nguo.